Elimu ya Vitendo Ipimwe kwa Milango Inayofungua

Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife nchini Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, wakawauliza maswali kama wateja wa kawaida: nazi kumi ni bei gani, na nikikupa noti hii utanirudishia kiasi gani. Katika maswali hayo watoto walipata asilimia 98.2. Baadaye watoto walewale walipewa hesabu za aina ileile kwa karatasi na kalamu. Zilipoandikwa kama hesabu za mafumbo walipata asilimia 73.7. Zilipoandikwa tarakimu tupu, walishuka hadi asilimia 36.8.

Utafiti huu husimuliwa mara nyingi kama ushahidi dhidi ya shule, kwamba mtaa unafundisha na darasa linapoteza muda. Mimi nauona unasema jambo zito zaidi. Mvulana mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10 ikiwa moja ni cruzeiro 35. Akaanza na nazi tatu, 105. Akaongeza tatu nyingine, 210. Akaona bado nne, akafika 315, kisha 350. Jibu ni sahihi na njia yake ina akili nyingi, lakini ni ndefu. Kumi mara thelathini na tano huhitaji kuongeza sifuri tu, na kanuni hiyo shule hufundisha mapema kabisa. Haikumfikia pale alipoihitaji. Na ule wepesi wake wa kuvunja namba na kuziunga tena, ambao ungemsaidia sana darasani, haukuingia darasani. Pande zote mbili zimepoteza, kwa sababu hakuna aliyejenga daraja kati yake.

Daraja hilo ndilo kazi ya programu za kujifunza kwa vitendo katika shule za sekondari, zile zinazokusudia kumwandaa kijana kwa ajira na kwa maisha ya kila siku. Nchi nyingi zinazo kwa majina tofauti, na kila baada ya miaka kadhaa mjadala wake huibuka upya: ajira hazipatikani, waajiri wanalalamika, wazazi wanauliza mtoto amejifunza nini kwa miaka yote hiyo. Hapo serikali hutangaza mkondo mpya wa vitendo, karakana hujengwa, picha hupigwa. Nina imani kubwa na elimu ya aina hii, na kwa sababu hiyo naona uchungu inapoharibiwa kwa namna ileile kila mara. Inaharibika pale inapogeuzwa mahali pa kuwapeleka wale ambao shule imekwisha kuwakatia tamaa. Ukitaka kujua kama imefikia hapo, usihangaike na ukubwa wa karakana. Angalia cheti kinachotolewa mwishoni kinamruhusu mwenye nacho kwenda wapi.

Chukua mfano wa jimbo la Victoria huko Australia. Jimbo hilo lilianza kujaribu cheti cha kujifunza kwa vitendo, kilichojulikana kama VCAL, mwaka 2002, na mwaka uliofuata kikaenea. Kilikuwa na ngazi tatu na kiliundwa kwa fikra nzuri: kusoma, kuandika na hisabati za matumizi, stadi za kazi ya sekta fulani, stadi zinazohitajika katika kazi yoyote, na makuzi ya mtu binafsi. Mwanafunzi angeweza kuandaa tukio la jamii, kusimamia bajeti yake, kukaa siku kadhaa za wiki mahali pa kazi, na yote hayo yakahesabiwa. Vijana wengi ambao wangeacha shule walibaki kwa sababu ya cheti hicho.

Lakini hakikutoa ATAR, alama inayotumiwa na vyuo vikuu vya Australia kupanga waombaji. Cheti kikuu cha jimbo, VCE, ndicho kilichopeleka watu huko. Kwa hiyo kukawa na vyeti viwili, na kila mzazi, kila mwalimu na kila kijana akajua kipi ni cha nani. Serikali ilipoagiza mapitio, yaliyoongozwa na John Firth na kukamilika mwaka 2020, tatizo la hadhi lilikuwa wazi: cheti kilionekana duni, na ubora wake ulitofautiana mno kati ya shule na shule. Pendekezo lilikuwa kukiingiza ndani ya cheti kikuu. Kuanzia mwaka 2023 wanafunzi wa Victoria wanaofuata njia hii wanapata VCE yenye mkazo wa ufundi, na ndani yake lazima wasome mafunzo ya ufundi yasiyopungua saa 180 pamoja na hisabati, lugha, stadi za kazi na makuzi binafsi.

Naunga mkono uamuzi huo, ingawa haujamaliza kazi. Wengi wa wanafunzi hao bado humaliza bila alama ile ya kuingilia chuo kikuu. Jina la cheti limekuwa moja, mlango bado ni mwembamba. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kijana anayesema nimemaliza sekondari na yule anayelazimika kueleza alichomaliza ni kitu gani.

Ireland ilianzisha cheti chake cha vitendo, Leaving Certificate Applied, mwaka 1995. Kwa upande wa ufundishaji nadhani ni moja ya programu zilizofikiriwa kwa makini zaidi duniani. Miaka miwili imegawanywa katika vipindi vinne, na mwanafunzi hujikusanyia pointi kidogo kidogo, jumla yake ikiwa 200. Sehemu hutoka kwenye kukamilisha moduli na kuhudhuria, sehemu kwenye kazi saba za mradi, na sehemu kwenye mitihani ya mwisho. Kijana hasubiri siku moja ya hukumu baada ya miaka miwili. Hata hivyo cheti hicho hakimwingizi mtu chuo kikuu moja kwa moja. Lazima kwanza apite kozi nyingine ya baada ya sekondari. Na kwa miaka mingi aliyechagua njia hii hakuweza kusoma hisabati au lugha ya kigeni kwa kiwango cha cheti cha kawaida. Ruhusa hiyo ilifunguliwa mwaka 2022. Miaka 27 ni muda mrefu wa kumwambia kijana anayependa useremala na pia anaweza hisabati kwamba achague kimoja.

Hong Kong ilikwenda kwa njia nyingine. Mfumo mpya wa sekondari ya juu ulioanza mwaka 2009 uliyaweka masomo ya vitendo kama masomo ya hiari ndani ya cheti kilekile. Mwanafunzi anasoma masomo ya msingi pamoja na wenzake, kisha anachukua, pembeni yake, somo la ubunifu, la habari na mawasiliano, la biashara na sheria, la huduma, la sayansi tumizi au la uhandisi. Hatengwi darasani, hatengwi kwenye karatasi ya matokeo. Binafsi naona huu ndio msingi wa kuanzia kwa nchi yoyote inayofikiria mkondo mpya: mkondo usiwe mkondo kabisa, uwe somo zuri ambalo hata anayeelekea udaktari anaweza kulichagua bila kuulizwa kulikoni.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1915 nchini Marekani mwanafalsafa John Dewey na David Snedden, kamishna wa elimu wa jimbo la Massachusetts, walijibizana hadharani juu ya shule za ufundi. Snedden alitaka shule zilizotengwa, zitakazoandaa wafanyakazi kulingana na mahitaji ya viwanda. Dewey, ambaye shule yake ya majaribio huko Chicago iliwafundisha watoto kwa kupika, kushona na kutengeneza vitu, alikataa. Hakupinga kazi ya mikono. Alipinga elimu inayomkata kijana kwa vipimo vya kiwanda kilichopo leo bila kumpa uwezo wa kukielewa na kukibadilisha. Miaka miwili baadaye sheria ya Smith-Hughes, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa elimu ya ufundi, ilipitishwa, na Marekani ikafuata zaidi njia ya Snedden. Gharama yake iliwaangukia wale ambao madarasa ya ufundi yalitengwa kwa ajili yao: watoto wa maskini, wa wahamiaji na watu weusi.

Afrika nayo ina ushahidi wake, na hapa watunga sera wengi hupenda kupita haraka. Mwaka 1965 mtafiti Philip Foster, baada ya kuchunguza elimu ya Ghana, aliandika makala ambayo bado inawasumbua wapenzi wa mitaala ya ufundi, nikiwemo mimi. Hoja yake ni kwamba ndoto za wanafunzi haziamuliwi na kilichoandikwa kwenye mtaala. Zinaamuliwa na kile wanachokiona nje: nani analipwa, nani anaheshimiwa, kazi gani ina usalama. Mwanafunzi wa Ghana aliyekimbilia elimu ya darasani badala ya kilimo hakuwa mvivu wala hakupotoshwa na wakoloni akashindwa kujinasua. Alikuwa amepiga hesabu sahihi.

Miaka miwili baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ukiusoma kwa makini utaona kwamba alitaka zaidi ya shamba la shule. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua nini kilimwe, watunze hesabu za mapato na matumizi, waone matokeo ya maamuzi yao na wawe na sauti juu ya ziada inayopatikana. Hiyo ni elimu ya vitendo kwa maana kamili, na bado ni ya kisasa. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Daftari la hesabu, kikao cha maamuzi, majadiliano ya kwa nini mazao ya mwaka huu yamepungua, yote hayo yalitoweka. Shamba likawa nguvu kazi ya bure, na mahali pengine likawa adhabu ya wachelewaji. Mtoto anayepelekwa kulima kwa sababu amekosea hufundishwa kitu kimoja kuhusu kilimo, na hakisahau.

Baadaye shule za sekondari za Tanzania ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walitoa utafiti uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliolinganisha wahitimu wa masomo ya aina hiyo na wenzao wa masomo ya kawaida katika nchi mbili, Colombia na Tanzania. Wahitimu wa michepuo ya vitendo hawakuonekana kupata kazi upesi zaidi wala kulipwa zaidi, huku gharama ya kuwasomesha ikiwa kubwa. Matokeo hayo yalichangia kuzima ari ya wafadhili kwa miaka mingi.

Je, basi elimu ya vitendo haifai? Hapana, na kuna ushahidi mzuri upande wa pili. Marekani kuna programu zinazoitwa Career Academies: kundi dogo la wanafunzi ndani ya sekondari ya kawaida, linalosoma masomo yote ya kawaida lakini yameunganishwa na fani moja, kwa mfano afya au fedha, na waajiri wa eneo hilo wanashiriki. Shirika la utafiti la MDRC liliwafuatilia zaidi ya wanafunzi 1,400 katika shule 9. Kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, waliingizwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo waliopata na waliokosa waliweza kulinganishwa kwa haki. Miaka minane baada ya sekondari, waliopata nafasi walikuwa wamepata kipato kikubwa zaidi kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka, na faida hiyo ilikuwa hasa kwa wavulana. Jambo ninalolipenda zaidi katika matokeo hayo ni kwamba idadi ya waliopata vyeti vya elimu ya juu haikupungua. Walipata faida ya kazi bila kulipia kwa kupoteza chuo.

Weka tafiti hizi mbili bega kwa bega. Ule wa Colombia na Tanzania ulihusu masomo ya ufundi yaliyoongezwa kwenye ratiba, mara nyingi bila mwajiri yeyote upande wa pili. Ule wa Marekani ulihusu masomo ya kawaida yaliyofungamanishwa na fani, waajiri wakiwa ndani na mlango wa chuo ukiwa wazi. Nchi na nyakati ni tofauti, na sitaki kuzidisha ninachokiona. Hata hivyo naona sababu ya kutosha ya kuamini kwamba kijana na soko wote wawili hutambua programu inayompa mtu uwezo zaidi na ile inayompunguzia.

Kuna onyo jingine la kuzingatiwa. Mwaka 2017 mchumi Eric Hanushek na wenzake walichapisha ulinganisho wa nchi 11 kuhusu waliosoma ufundi na waliosoma elimu ya jumla. Waliosoma ufundi waliingia kazini kwa urahisi zaidi ujanani. Umri ulivyosonga, faida hiyo ilipungua na hatimaye kugeuka, kwa kuwa teknolojia ilibadilika na stadi zao finyu zikazeeka. Hali hiyo ilionekana zaidi katika nchi zenye uanagenzi ulioenea, yaani kujifunza kazi mahali pa kazi chini ya fundi. Watu huutumia utafiti huu kusema ufundi usifundishwe sekondari. Mimi nasoma ndani yake hoja ya kufundisha ufundi kwa upana: fundi umeme mwenye miaka 45 atapona kama aliwahi kuelewa umeme wenyewe, na kama anaweza kusoma mwongozo wa mtambo ambao haukuwepo alipokuwa shuleni. Uswisi, ambako takriban theluthi mbili ya vijana hupitia uanagenzi, iliongeza tangu miaka ya 1990 cheti cha ufundi kinachofungua vyuo vikuu vya sayansi tumizi, na baadaye mtihani wa ziada unaofungua hata vyuo vikuu vya kawaida. Si wote wanaoutumia mlango huo. Kuwepo kwake kunabadilisha wanaokubali kuingia mwanzoni.

Sasa niingie darasani, maana mjadala wa sera unaweza kutufanya tusahau kwamba yote huamuliwa na kinachotokea kati ya mwalimu na wanafunzi arobaini asubuhi ya Jumanne. Sehemu ya maisha ya kila siku hudharauliwa kuliko zote. Hufundishwa kama mawaidha: weka akiba, epuka madeni, soma mkataba kabla ya kusaini. Mwanafunzi anaitikia, na hajajifunza chochote.

Mpe mkopo badala yake. Mtu anakopa 1,200 kwa mwaka mmoja, na tangazo linasema riba ni asilimia 10. Riba ni 120, jumla 1,320, kwa hiyo kila mwezi analipa 110. Darasa zima litakubali kwamba riba ni asilimia 10, maana 120 ni sehemu ya kumi ya 1,200. Sasa waambie waandike, mwezi kwa mwezi, deni halisi analobaki nalo mkopaji. Mwezi wa kwanza ana 1,200 mkononi. Akishalipa, 100 ni sehemu ya deni na 10 ni riba, hivyo mwezi wa pili ana 1,100 tu. Wa tatu, 1,000. Mwezi wa mwisho ana 100, lakini bado analipa riba kana kwamba 1,200 zote anazo. Wastani wa alichokuwa nacho kwa mwaka mzima ni 650. Riba ya 120 kwa deni la wastani wa 650 ni zaidi kidogo ya asilimia 18.

Hapo darasa hunyamaza, na ukimya huo ni wa thamani. Usiishie hapo. Uliza: ikiwa mkopo uleule unalipwa kwa miezi 24, kwa asilimia 10 ileile kwa kila mwaka, je, unafuu unaongezeka? Malipo ya mwezi yanashuka, kwa hiyo wengi watasema ndiyo. Wapige hesabu. Deni linapungua kwa 50 kila mwezi, wastani wake ni 625, riba ya mwaka bado ni 120, na asilimia imepanda hadi 19.2. Halafu uliza swali ambalo muuzaji wa nazi wa Recife hakuwahi kuulizwa: unaweza kupata wastani bila kuorodhesha miezi yote? Mwanafunzi mmoja ataona kwamba inatosha kuchukua deni la kwanza na la mwisho, kuyajumlisha na kugawa kwa mbili. Amegundua kanuni ya mfuatano wa namba, ileile iliyomo kwenye kitabu cha hisabati, na safari hii anajua ni ya nini. Mpe baadaye mfuatano usiohusu fedha kabisa, uone kama anaitambua. Asipoitambua, daraja halijafika ng'ambo na kazi ya mwalimu haijaisha.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu wapinzani wa elimu ya vitendo husema inapunguza hisabati, na watetezi wake wengi huwapa sababu ya kusema hivyo. Kuhesabu chenji kwa mwaka mzima ni kupunguza hisabati. Mkopo ule haupunguzi kitu. Karatasi ya mshahara yenye makato yake, mkataba wa upangaji wenye kifungu cha notisi, fomu ya bima inayoeleza kwa maneno madogo kile isichokilipia, vyote vina lugha na hesabu nzito kuliko maswali mengi ya mitihani. Kijana wa miaka 17 anayeweza kuandika barua ya kupinga makato yasiyo halali, kwa adabu na kwa kutaja kifungu, amejifunza uandishi.

Upande wa kazi una hatari yake. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaoweka umri wa chini wa kuajiriwa, una kifungu cha 6 kinachoruhusu kazi inayofanywa shuleni kama sehemu ya mafunzo, na kazi ya mafunzo mahali pa ajira kwa mwenye miaka 14 au zaidi, kwa masharti yaliyowekwa na mamlaka husika. Kifungu hicho ni cha lazima, bila hicho hakuna mafunzo kazini kwa wanafunzi wa sekondari. Pia ni mwanya. Mwenye karakana anayepata vijana wanne wa bure kila muhula ana sababu ndogo ya kuwafundisha na sababu kubwa ya kuwafagiza. Kwa hiyo shule isimpeleke mwanafunzi popote bila karatasi inayosema atajifunza nini wiki ya kwanza, wiki ya nne na wiki ya nane, nani anamsimamia, vifaa kinga vinatoka wapi, na akiumia analipiwa na nani. Mwalimu afike pale bila kutangaza. Na binti apewe mtu wa kumpigia simu, jina na namba, kabla hajaondoka shuleni siku ya kwanza. Haya huitwa urasimu na watu ambao hawajawahi kumpokea mwanafunzi aliyerudi analia.

Lakini karatasi hizo zote hazitasaidia kitu ikiwa tathmini itaharibu mwishoni. Wizara inaanzisha somo la vitendo, baadaye inahitaji alama zinazolinganishika kitaifa, inaweka mtihani wa maandishi, na ndani ya miaka michache mwanafunzi anakariri sehemu za randa ambayo hajawahi kuishika. Walimu hufundisha kinachopimwa, na siwalaumu, kwani wao wenyewe hupimwa kwa hicho. Ireland walipata jibu linalostahili kuigwa. Kazi ya mradi ya mwanafunzi hutathminiwa na mtahini kutoka nje, ambaye huiona kazi yenyewe kisha hukaa na mwanafunzi na kumhoji. Kwa nini ulichagua njia hii? Nini kilikwenda vibaya? Ungeanza upya ungebadili nini? Aliyefanyiwa kazi na kaka yake hawezi kuvuka maswali hayo. Na aliyetengeneza meza iliyopinda, lakini anajua hasa ni kiungo gani kilichoipinda na kwa nini, anaweza kupata alama nzuri kuliko mwenye meza iliyonyooka kwa bahati. Njia hii ni ghali, inahitaji watahini waliofundwa na kupatanishwa viwango vyao mara kwa mara. Anayesema hatuna fedha za kuhoji wanafunzi aulizwe alipata wapi za kujenga karakana.

Kuhusu walimu nitasema machache, kwa sababu tatizo linajulikana. Fundi hodari asiyejua kufundisha na mwalimu hodari asiyejua kazi hawatoshi kila mmoja peke yake, na kuwaweka wawili darasa moja kwa saa chache za wiki ni nafuu kuliko kumsubiri mtu mmoja mwenye vyote. Wapewe muda wa kupanga pamoja, uandikwe kwenye ratiba. Muda usioandikwa huliwa.

Kinachobaki ni kuwaambia wazazi ukweli. Nchi kadhaa zinaingia sasa katika awamu mpya. Kenya imegawa sekondari ya juu katika njia tatu, na kundi la kwanza lilianza mwaka 2026. Tanzania ilianza kuingiza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi na ufundi, katika kidato cha kwanza mwaka 2024, sambamba na mkondo wa jumla. Mzazi anayeombwa kuchagua kwa ajili ya mtoto wa miaka 14 hapaswi kuchagua kwa uvumi. Kila shule yenye programu ya vitendo iandike na ibandike, kwa kila kundi la wahitimu, wako wapi baada ya mwaka mmoja, mitatu na mitano: wangapi wana kazi inayohusiana na walichosoma, wangapi wana kazi nyingine, wangapi wako chuoni na chuo gani, wangapi hawapatikani. Wavulana na wasichana watenganishwe kwenye hesabu hiyo. Takwimu za mkondo wa jumla zibandikwe pembeni yake, kwa vipimo vilevile, ili mlinganisho uwe wa haki kwa pande zote mbili. Kazi ya kuwapigia simu wahitimu inaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato cha juu kama mradi wao wa hisabati na mawasiliano, chini ya mwalimu, huku majina yakifichwa. Ripoti ya kwanza itakuwa na mapengo mengi na wakuu wa shule wengi hawataipenda. Itolewe hivyohivyo, kabla ya fomu za kuchagua mkondo kusambazwa.